Mapendekezo ya kura katika jimbo la Washington: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kabla ya kila uchaguzi huwa tunaandaa orodha ya wagombea na hoja tunazopendekeza, kwa ajili ya ndugu wasomao Kiswahili katika kaunti ya King: Kent, SeaTac, Tukwila, Renton, Seattle kusini. Tunaandika tukiwa watu wa mrengo wa kimaendeleo na hatufichi. Haya ndiyo maswali tunayoulizwa msikitini, kanisani, kwenye harusi na kwenye simu saa mbili usiku wa kuamkia siku ya mwisho.

Mnasimamia nini hasa?

Mshahara unaoweza kulipa nyumba. Mpangaji asifukuzwe kiholela. Basi lipite mara kwa mara hata kwa anayeingia zamu ya alfajiri. Polisi wa mji wasigeuzwe maofisa wa uhamiaji; hilo lina sheria yake ya jimbo tangu 2019, na tunataka wabunge watakaoilinda.

Na kodi. Jambo hili tunalirudia kwa sababu wengi wetu hatulioni. Washington ilijijenga bila kodi ya mapato ya mtu binafsi, ikategemea sana kodi ya mauzo, ambayo Seattle imevuka asilimia 10. Mama anayenunua nepi na bilionea aliye nyuma yake kwenye foleni wanatozwa kiwango kilekile, lakini yeye mama anatumia karibu kila senti aliyoipata. Ndiyo maana tuliunga mkono kodi iliyopitishwa 2021: ilipoanza ilikuwa asilimia 7 ya faida ya kuuza hisa na mali za namna hiyo, kwa kiasi kinachozidi dola 250,000 kwa mwaka, nyumba ikiwa haiguswi. Fedha hizo huenda kwenye shule na malezi ya watoto wadogo. Mwaka 2024 wananchi waliulizwa kama ifutwe. Karibu theluthi mbili walikataa.

Mwenye nguvu ni rais. Kwa nini nihangaike na diwani?

Tuulize ni nani aliyekupandishia mshahara. Kima cha chini cha serikali kuu ni dola 7.25 kwa saa, na hakijasogea tangu 2009, marais wakija na kuondoka.

Sasa tazama SeaTac. Novemba 2013 wakazi wa mji huo mdogo uliouzunguka uwanja wa ndege walipigia kura hoja ya kuweka dola 15 kwa saa kwa wafanyakazi wa hoteli, maegesho, magari ya kukodi na huduma za uwanjani. Wakati huo kima cha jimbo kilikuwa dola 9.19. Waliogonga milango kuomba kura walikuwamo wabeba mizigo, wafagiaji wa ndege na madereva, wengi wao wahamiaji kutoka Afrika Mashariki, hasa Wasomali. Kura zilizopigwa zilikuwa takriban 6,000. Hoja ilipita kwa kura 77.

Kura 77 ni ukoo mmoja na majirani zake. Ni watu wanaotosha kwenye ukumbi wa arusi ndogo.

Haikuishia hapo. Kampuni zilikwenda mahakamani, na jaji wa kwanza akasema hoja haiwahusu wafanyakazi walio ndani ya uwanja wenyewe. Watu walisubiri hadi Agosti 2015, Mahakama Kuu ya jimbo ilipoamua kwamba inawahusu, majaji 5 dhidi ya 4. Majaji hao tisa wanachaguliwa na sisi, kwenye karatasi ileile, sehemu ambayo watu wengi huiacha tupu.

Seattle ilifuata 2014. Tukwila ikafuata 2022, kwa zaidi ya asilimia 80 ya kura. Matokeo yake, mwaka 2025 mfanyakazi wa kampuni kubwa Tukwila alikuwa na haki ya dola 21.10 kwa saa, wakati kima cha jimbo kilikuwa 16.66. Tofauti hiyo haikutoka Washington, D.C. Ilitoka kwenye karatasi ambayo wengi wetu tuliiacha juu ya friji.

Kodi ya pango imenishinda. Nimpigie nani, diwani au mbunge?

Wote wawili, lakini kwa mambo tofauti. Tangu 1981 sheria ya jimbo imeikataza miji kuweka kikomo cha kodi ya nyumba. Diwani akikuahidi kwamba atazuia kodi isipande, anakuahidi kitu ambacho hana mamlaka nacho. Anachoweza kufanya ni kutunga kanuni za notisi, za ada za kuchelewa, za ukaguzi wa nyumba, na kuamua wapi pajengwe maghorofa.

Kikomo chenyewe kiliwekwa na bunge la jimbo, mwaka 2025: kodi haiwezi kupanda zaidi ya asilimia 7 ukijumlisha mfumko wa bei, na kwa vyovyote isizidi asilimia 10 kwa mwaka. Zipo nyumba zisizoguswa na sheria hiyo, kwa mfano majengo mapya. Ilipigwa vita vikali, na ingawa Wademokrati ndio wengi katika mabaraza yote mawili, si wote waliiunga mkono. Ndiyo sababu hatumpendekezi mtu kwa kuangalia chama chake peke yake. Kila mkazi ana wabunge watatu wa jimbo: seneta mmoja na wawakilishi wawili. Wawakilishi wote wanarudi kwenu kila miaka miwili. Waulizeni walipigaje kura siku ile.

Kura ni lini? Mbona naletewa bahasha karibu kila msimu?

Mchujo ni Jumanne ya kwanza ya Agosti. Uchaguzi wenyewe ni Novemba. Juu ya hayo, kunaweza kuwa na kura maalumu Februari na Aprili, mara nyingi kuhusu fedha za shule au zimamoto. Bahasha hizo za Februari usizitupe na karatasi za matangazo. Tozo ya kawaida ya shule inahitaji zaidi ya nusu ya kura, lakini mkopo wa kujenga shule unahitaji asilimia 60, kwa hiyo watu wachache wanaokataa wanaweza kuzuia jengo linalotakiwa na wengi.

Mabaraza ya miji, bodi za shule na bandari huchaguliwa miaka ya namba witiri, wakati watu wamechoka na siasa. Angalia tofauti: Novemba 2024 walijitokeza karibu asilimia 79 ya waliojiandikisha jimboni. Novemba 2023, asilimia 36 hivi. Mwaka 2022 wapiga kura wa kaunti ya King waliamua kuhamishia viongozi wa kaunti kwenye miaka shufwa ili wachaguliwe na watu wengi zaidi. Tuliunga mkono, na tungependa miji nayo ifuate.

Kwenye mchujo wa Agosti naona watu wengi wa chama kimoja. Nichague vipi?

Hapa ndipo mapendekezo yana kazi kubwa kuliko Novemba. Kwa nafasi nyingi Washington haina mchujo wa chama kwa chama. Wagombea wote huwekwa pamoja, na wawili wanaoongoza ndio wanaokwenda Novemba, hata wakiwa wa chama kimoja. Maneno yaliyo chini ya jina yanasema tu mgombea anapendelea chama gani. Hayasemi kwamba chama kimemteua. Yeyote anaweza kuyaandika.

Mtindo huu una mtego. Mwaka 2016, katika nafasi ya mweka hazina wa jimbo, Wademokrati watatu waligawana kura, na waliovuka wakawa Warepublican wawili, katika jimbo ambalo wengi hawakupigia chama hicho. Agosti 2024 nusura yajirudie: Wademokrati watano waligombea ukamishna wa ardhi za umma dhidi ya Warepublican wawili. Dave Upthegrove alivuka akiwa wa pili kwa tofauti ya kura 49 tu, baada ya kuhesabiwa upya, katika kura zinazokaribia milioni 2. Novemba akashinda.

Kwa hiyo Agosti tunaangalia mambo mawili: nani anafaa, na nani anaweza kuvuka. Wakati mwingine tunampenda mmoja, tunapendekeza mwingine, na tukifanya hivyo tunaandika wazi ni kwa nini. Hatupendi kufanya hivyo. Lakini kuwa na wagombea wanne wazuri wanaogawana kura ni njia ya hakika ya kumpata mbaya.

Nafasi za mji hazioneshi chama kabisa. Mnajuaje nani ni nani?

Madiwani, bodi za shule, majaji na makamishna wa bandari hugombea bila chama. Kila mmoja atasema anapenda usalama, nyumba nafuu na familia. Kijitabu cha wapiga kura kinachotumwa kila nyumba hakiwezi kukusaidia sana, kwa sababu maelezo yale huandikwa na wagombea wenyewe, na ofisi ya uchaguzi haithibitishi ukweli wake.

Sisi tunaanza na fedha. Washington ina tume inayoweka hadharani michango ya kampeni, iliyoanzishwa kwa kura ya wananchi mwaka 1972, na kila mtu anaweza kusoma ni nani alimchangia nani. Ukiona diwani mtarajiwa amejazwa na wenye majumba ya kupanga, basi ahadi zake kwa wapangaji zisome polepole. Kisha tunatazama rekodi ya kura kama aliwahi kuwa madarakani. Kisha vyama vya wafanyakazi na vikundi vya wapangaji vinasema nini. Mwisho tunampigia simu na kumwuliza maswali yetu. Anayekataa kuzungumza na wapiga kura wa Kent kwa sababu lafudhi yetu ni nzito, hilo nalo ni jibu.

Hoja za kura zinanichanganya. Ndiyo ni ndiyo ya nini?

Umeuliza swali la maana sana. Mwaka 2024 hoja nne za wananchi zilipelekwa kwenye kura, na tatu zilihusu kufuta sheria au kuwaruhusu watu kujitoa kwenye mpango uliopo. Aliyeipenda kodi ya matajiri iendelee alitakiwa kujibu HAPANA. Aliyetaka sheria ya kupunguza hewa chafu ibaki, HAPANA. Aliyetaka bima ya matunzo ya wazee na wagonjwa ibaki ya lazima kwa wote, HAPANA. Tulikutana na watu waliounga mkono mambo hayo yote na walikuwa tayari wamejaza NDIYO kwa nia njema.

Hoja hizo nne zilifadhiliwa kwa kiasi kikubwa na tajiri mmoja wa uwekezaji, Brian Heywood. Ni haki yake kisheria. Sisi tunasema mpiga kura naye ana haki ya kulijua hilo kabla ya kujaza. Wananchi walizikataa tatu. Ya nne, kuhusu gesi ya majumbani, ilipita kwa tofauti ndogo, kinyume na tulivyopendekeza.

Katika orodha yetu, kila hoja huanza na sentensi moja isemayo nini kitabadilika ukijibu ndiyo. Soma hiyo kwanza, kabla ya kusoma tunapendekeza nini.

Majaji je? Siwajui hata mmoja.

Wengi hawawajui, na mara nyingi jaji yuko peke yake bila mpinzani. Palipo na ushindani, maadili ya kazi yanamzuia mgombea kuahidi ataamuaje kesi, kwa hiyo usitegemee hotuba zake. Tunasoma tathmini za vyama vya wanasheria, vikiwamo vya wanasheria weusi na wahamiaji. Tunaangalia amefanya kazi gani: mtu aliyewahi kuwatetea washtakiwa wasio na uwezo ameona kitu ambacho wengi mahakamani hawajakiona. Mahakama Kuu ya jimbo ndiyo iliyofuta adhabu ya kifo hapa mwaka 2018, na ndiyo iliyoithibitisha kodi ya faida ya hisa mwaka 2023. Muhula wa majaji wake ni miaka sita.

Bandari ya Seattle ina uhusiano gani nami? Mimi si baharia.

Bandari ndiyo inayomiliki uwanja wa ndege wa Sea-Tac. Ukisafisha ndege, ukiuza kahawa kwenye lango, ukiendesha teksi pale, au ukilala chini ya njia ya ndege, makamishna wake watano wanaamua mambo yako mengi, na wanachaguliwa na kaunti nzima. Mwaka 2021 Hamdi Mohamed, aliyefika nchini akiwa mtoto mkimbizi kutoka Somalia, alimshinda kamishna aliyekuwa madarakani. Walioishi karibu na uwanja walikuwa na mtu wao mezani.

Nina grini kadi. Nipige kura kimya kimya?

USIPIGE, tafadhali sana. Katika chaguzi hizi kura ni ya raia tu. Mwenye grini kadi akijiandikisha au akipiga kura, hata kwa kutoelewa, anaweza kuharibu ombi lake la uraia na hata kufukuzwa nchini. Kuwa makini ukienda kuchukua leseni ya udereva: ukiulizwa kama wewe ni raia na unataka kujiandikisha, na si raia, jibu hapana. Kama umeshaletewa karatasi ya kura kimakosa, usiijaze. Zungumza na mwanasheria wa uhamiaji kwanza.

Lakini hauko nje ya siasa. Unaweza kugonga milango, kuhudhuria vikao vya baraza la mji na kuzungumza, kutafsiri kwa ajili ya wazazi wa jirani. Mkazi wa kudumu anaruhusiwa kuchangia kampeni. Na ukiishi ndani ya mji wa Seattle una haki ya vocha nne za dola 25 za kumpa mgombea wa mji anayeshiriki mpango huo, fedha zikitoka kwenye mfuko wa umma. Wananchi waliupitisha mpango huo 2015, na ulianza kutumika 2017. Mfagiaji anaweza kumchangia diwani dola 100 bila kutoa senti mfukoni.

Mama yangu ni raia lakini hasomi Kiingereza. Naruhusiwa kumsaidia?

Ndiyo. Sheria ya nchi inampa mtu asiyeweza kusoma karatasi haki ya kusaidiwa na mtu anayemchagua mwenyewe, ilimradi asiwe mwajiri wake wala wakala wa chama chake cha wafanyakazi. Msomee, mfafanulie, mjazie anavyokuambia. Sahihi aweke yeye. Na uamuzi ni wake: kama bibi anataka mtu ambaye wewe humpendi, mjazie huyohuyo. Hata kama si chaguo letu.

Sheria ya kura inayolazimisha tafsiri iliandikwa 1975 ikitaja Kihispania na lugha za Waasia na Wenyeji wa Amerika. Lugha za Afrika hazimo. Kinachotafsiriwa zaidi ya hapo hutokana na kaunti kuamua yenyewe, na kaunti huamua baada ya watu kuomba.

Karatasi yangu ya mara ya mwisho ilikataliwa kwa sababu ya sahihi. Sasa naogopa.

Usiogope, fuatilia. Sahihi ya bahasha inalinganishwa na iliyoko kwenye kumbukumbu. Mkaguzi wa hesabu wa jimbo alichunguza uchaguzi wa 2020 na kuripoti mwaka 2022 kwamba kura za watu weusi zilikataliwa mara nne zaidi ya za wazungu. Hakukuta ushahidi wa upendeleo katika maamuzi ya sahihi zenyewe, lakini pengo lipo, na sisi ndio tunaolipia.

Weka sahihi unayoitumia kwenye leseni yako. Andika namba ya simu kwenye bahasha. Kisha ingia VoteWA, tovuti ya jimbo ya wapiga kura, na uone kama kura imepokelewa. Ikiwa na tatizo, kaunti itakuandikia au kukupigia, na una muda wa kurekebisha kabla matokeo hayajathibitishwa, siku 14 baada ya mchujo, 21 baada ya Novemba. Barua hiyo si ya kukutisha. Ijibu.

Usiku wa matokeo mtu wetu alikuwa nyuma, wiki iliyofuata kashinda. Si wizi huo?

Tunaelewa swali hili linatoka wapi. Wengi tumetoka kwenye nchi ambako hesabu ikibadilika usiku, kuna jambo. Hapa sababu ni posta. Kura zinazoonekana usiku wa kwanza ni za waliowahi, na wenye kuwahi mara nyingi ni wazee wenye nyumba zao. Vijana na wapangaji hupiga mwishoni, na kura zao huhesabiwa siku zinazofuata. Mwaka 2019 Kshama Sawant alikuwa nyuma kwa takriban pointi nane usiku wa kwanza katika baraza la jiji la Seattle, akaishia kushinda. Mwaka 2025 Katie Wilson naye alianza nyuma ya Bruce Harrell, meya wa Seattle wakati huo, akamshinda kwa tofauti ndogo. Hao wote wawili, Wilson na Harrell, ni Wademokrati, kwa hiyo asiyesoma zaidi ya jina la chama hakuwa na cha kuchagulia.

Mimi ni mtu wa dini. Baadhi ya mnaowapendekeza wana misimamo nisiyokubali.

Tunajua, na hata kati yetu tunaoandaa orodha hii wapo wanaosali safu ya mbele na hawakubaliani kwa kila jambo. Hatutakuficha msimamo wa mgombea ili tupate kura yako. Kwenye nafasi usiyokubaliana nasi, chagua mwingine au iache tupu; kura zako nyingine zote zinahesabiwa. Tunachokuomba ni usitupe karatasi nzima kwa sababu ya mstari mmoja.

Nilifungwa zamani. Nina haki?

Kama ni raia na umeshatoka gerezani, ndiyo, tangu Januari 1, 2022, hata kama bado uko chini ya uangalizi. Lakini lazima ujiandikishe upya. Haitokei yenyewe.

Nimechelewa kujiandikisha. Basi?

Kwa mtandao au posta mwisho ni siku nane kabla. Baada ya hapo nenda mwenyewe kwenye kituo cha kaunti, hadi saa mbili usiku siku ya uchaguzi. Utajiandikisha na kupiga kura hapohapo.

Natuma kwa posta au sanduku la mtaani?

Bahasha haihitaji stempu. Ukituma mapema, posta ni sawa. Kinachohesabika ni tarehe ya mhuri, na mhuri unaweza kugongwa siku moja baada ya wewe kutumbukiza barua, kwa hiyo wiki ya mwisho tumia sanduku rasmi la kaunti. Linafungwa saa mbili kamili usiku. Aliyeko kwenye foleni saa hiyo anaruhusiwa kumaliza.

Nimejaza jina nisilolitaka. Nichane?

Usichane. Piga mstari juu ya jina lote la aliyekosewa, kisha ujaze duara la unayemtaka. Ukiwa umeichafua sana, piga simu ofisi ya uchaguzi ya kaunti, watakupa nyingine.